Tusherehekee Sayansi za Jamii Mbele ya Tuliowahoji

Mwanafunzi mmoja wa sosholojia ameniandikia kuniuliza namna ya kuandaa siku ya kusherehekea sayansi za jamii chuoni kwao, baada ya kuona picha za mkutano tulioufanya hivi karibuni katika mtaa mmoja wa Wilaya ya Temeke kuhusu mikopo ya riba kubwa ambayo wananchi wameipa jina la kausha damu. Alitaka kujua mgeni rasmi awe nani, fulana zichapishwe ngapi na ukumbi upambwe vipi. Ninamjibu hapa kwa kuwa najua wapo wengi wenye hamu kama yake, hamu ya kuona taaluma zetu zikiheshimiwa hadharani. Jibu langu ni kwamba sherehe ya namna hii inapaswa kuandaliwa kwanza kwa ajili ya watu tuliowahoji, na ifanyike mahali ambapo watu hao wanaweza kusimama na kutupinga.

Msimamo huu nimeupata kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita, katika taasisi niliyokuwa nikiifanyia kazi, idara zote zilitakiwa kujiandaa kwa maonesho ya umma. Wahandisi walipewa meza, watu wa kilimo walipewa meza pamoja na eneo la vitalu, na sisi tuliambiwa kwamba hatuna kitu cha kuonyesha. Maneno hayo yalitamkwa kwa upole, mbele ya wenzangu wote, na bado yananiuma. Yananiuma kwa sababu si ya kweli. Nchi nzima ilipohesabiwa kuanzia usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, tukajua kwamba tuko watu 61,741,120, na kwamba mkoa wa Dar es Salaam peke yake una watu 5,383,728, iliyofanyika ilikuwa kazi ya demografia, yaani elimu ya idadi ya watu, na takwimu za jamii, na kila anayepanga shule, zahanati au jimbo la uchaguzi anaitegemea. Mtu anayejua ni kaya zipi zinazolala na njaa, na kwa nini njaa hiyo haionekani katika hesabu za mavuno, ana kitu cha kuonyesha. Kinachokosekana ni mahali pa kukionyeshea na lugha ya kukielezea.

Wala hatuanzi sifuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa cha taaluma za umajumui wa Afrika, mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, na Aprili ya mwaka uliofuata likafanyika tamasha la kitaaluma ambalo mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka alialikwa kuhutubia. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, umekuwa ukiendesha Tamasha la Jinsia tangu mwaka 1996, na semina zake za Jumatano pale Mabibo zimewafundisha wengi wetu kwamba mwanamke asiye na shahada anaweza kuichambua bajeti ya serikali mbele ya wachumi. Kabla ya hapo kulikuwa na mradi wa Jipemoyo, ulioendeshwa Bagamoyo katika miaka ya 1970, ambamo mtafiti kutoka Finland, Marja-Liisa Swantz, na wenzake walifanya utafiti pamoja na wanakijiji na kujadiliana nao matokeo, jambo ambalo siku hizi tunalifundisha kwa istilahi za kigeni kana kwamba lilizaliwa ng'ambo. Waingereza nao wana tamasha lao la sayansi za jamii, linalofanyika kila mwaka tangu 2003 bila kiingilio, na ni jambo jema. Hata hivyo, anayetaka mfano wa kuiga haimlazimu kuvuka bahari.

Nirudi Temeke, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza mengi.

Utafiti wenyewe ulihusu upatu, vikoba, yaani vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, na mikopo midogo miongoni mwa mama lishe na wauza mboga. Masuala ya vibali sitayaeleza kwa kirefu: barua hutoka chuoni, hupita manispaa, hufika kwa mtendaji wa kata na kuishia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mwenye subira huzipata zote. Ripoti ilipokamilika, utaratibu uliozoeleka ungetutaka tukodi ukumbi wa hoteli, tualike wadau, tugawe mabegi ya vitambaa na kuwasilisha matokeo kwa Kiingereza. Nilikataa. Niliomba fedha hizohizo zilipie maturubai, viti vya plastiki, kipaza sauti na chai kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, na tukapanga muda wa alasiri, saa ambayo mama lishe wamekwisha kuosha masufuria na bado hawajaanza maandalizi ya jioni. Wapo walionionya kwamba hakuna atakayekuja. Uwanja ulijaa hadi wengine wakasimama barabarani, na ninasema kwa fahari kwamba sijapata kuona ukumbi wa chuo ukisikiliza kwa makini namna ile.

Hatukutumia projekta. Tuliandika matokeo kwa kalamu za rangi kwenye karatasi za manila, kwa Kiswahili, kila karatasi ikibeba jambo moja, na tukazitundika ukutani. Karatasi moja ilieleza kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwamba kiwango cha juu cha riba kilichowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wasiopokea amana, yaani wasioweka akiba za wateja, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ilipokwisha kusomwa, mama mmoja aliyekaa mbele alisimama, akaniamkia kwa heshima kisha akasema: "Mwalimu, hiyo riba tunaijua. Hakuna mwanamke hapa asiyejua kwamba anaibiwa. Sasa niulize nilikwenda kukopa kwa sababu gani." Nikamuuliza. Akaeleza kwamba alikopa kausha damu ili alipe hisa za kikoba wiki ambayo biashara ilikuwa mbaya, kwa kuwa kukosa hisa mbele ya wenzake ni aibu ambayo hawezi kuibeba, na aibu hiyo ikimfika hatapata wa kumdhamini siku mtoto atakapolazwa hospitali. Mwingine akampinga palepale, akisema kikundi chao humruhusu mwanachama kuchelewa. Ukazuka mjadala mkali na mzuri kuhusu kanuni za vikundi, mfuko wa jamii, na nani mwenye ufunguo wa kasha la fedha.

Sosholojia yote ilikuwa pale. Deni, heshima na udhamini vilikuwa vikijadiliwa na watu wanaoviishi, na ripoti yetu ilikuwa imewapa mahali pa kuanzia. Watu walisherehekea, wakapigiana makofi, na kabla ya kuondoka wajumbe wa vikundi walikubaliana kukaa kuzipitia upya kanuni zao za faini. Lugha ya karatasi zile ndiyo iliyoyawezesha hayo.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwanafunzi, nakusihi uanze na lugha. Matokeo ya utafiti usiyoweza kumwambia aliyekupa majibu bado hujayaelewa mwenyewe. Chagua mahali ambapo mtu anafika kwa miguu na nguo zake za kazini. Chagua swali moja linalowauma watu, kwa mfano kodi ya pango, nauli, mahari au vijana wasio na ajira, kwa maana hakuna atakayetoka nyumbani kuja kusherehekea jina la idara. Waachie kipaza sauti kwa muda mrefu kuliko utakaoutumia wewe. Mgeni rasmi, ikiwa ni lazima awepo, aombwe kusikiliza hadi mwisho, na hotuba yake ije baada ya wananchi kusema. Na lugha, narudia, lugha.

Tunaingia katika nyumba za watu na madodoso yetu, tunauliza habari za vipato na ndoa zao, tunawatilisha saini ya ridhaa, halafu tunapotea. Wao wanabaki wakijiuliza maneno yao yalikwenda wapi. Taaluma inayowatendea watu hivyo haina haki ya kulalamika kwamba haithaminiwi, hata ikinyimwa meza. Mrejesho ni haki ya aliyehojiwa, na anayeutoa hadharani hufanya zaidi ya adabu, kwa sababu huutia utafiti wake majaribuni mbele ya mashahidi wanaoujua ukweli kuliko yeye.

Kuhusu fedha, usingoje ukumbukwe na kitengo cha mawasiliano. Andika gharama za mkutano wa mrejesho ndani ya andiko lako la mradi tangu mwanzo, pamoja na zile za usafiri na uchapaji: maturubai, viti, kipaza sauti, chai, na posho ya kijana atakayepita mitaani kutangaza jioni ya kuamkia mkutano. Ukishapata kibali cha utafiti, mwombe mwenyekiti wa mtaa akutajie siku ambayo hakuna mnada, msiba mkubwa wala kikao cha vikoba, uiandike tarehe hiyo kabla hujamhoji mtu wa kwanza, na umwambie kila utakayemhoji kwamba amealikwa.