Kusubiri matokeo ya CA bila kuugua: ya kufanya kabla na siku yakitoka

Mdogo wangu wa Moshi, umeeleza kwamba uko mwaka wa pili, CA (alama za majaribio na kazi za muhula) za masomo matatu hazijapandishwa kwenye mfumo wa matokeo wa chuo, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) inakuja, usingizi umekata na kila baada ya dakika chache unafungua akaunti kuchungulia. Ukauliza moyo unatulizwaje wakati huna la kufanya. La kufanya lipo, tena jingi, ila si hilo la kuchungulia.

Wasiwasi wa kusubiri matokeo unalishwa na mambo mawili. Kwanza huijui namba, kwa hiyo akili inajaza pengo kwa namba mbaya kuliko zote. Pili, kila ukifungua mfumo ukakuta patupu unapata nafuu ya muda mfupi, halafu hofu inarudi na kudai ufungue tena. Ndiyo maana kuambiwa "acha kuwaza" hakumsaidii mtu. Iwekee namba mipaka, halafu kuchungulia kupangie saa.

Tuanze na namba. Toa muhtasari wa kozi uliogawiwa mwanzo wa muhula, uangalie CA imegawanywaje. Vyuo vingi nchini vinatumia 40 kwa CA na 60 kwa UE. Tuseme somo lako lina jaribio la kwanza 15, jaribio la pili 15, kazi binafsi 5 na kazi ya kundi 5. Zilizorudishwa ziandike kama zilivyo, mfano 8 kwenye jaribio la kwanza na 4 kwenye kazi ya kundi. Ambazo hazijarudi ziandikie namba mbili: ya chini kabisa unayoweza kuikubali kwa haki, na ile unayoipataga siku zote. Jaribio la pili andika 5 na 8, kazi binafsi 2 na 3. Jumla ya chini ni 19, ya kawaida ni 23. Sasa hofu yako ina ukubwa unaojulikana: alama 4.

Endelea mbele. Kama C inaanzia 40, kwenye UE unahitaji 21 kati ya 60 ukiwa na ile ya chini, au 17 ukiwa na ile ya kawaida. B ya 50 inataka 31 au 27. B+ ya 60 inataka 41 au 37. Fanya hivyo kwa masomo yote matatu, karatasi uibandike juu ya meza. Ila kabla hujaiamini, soma kanuni za mitihani za chuo chako kwa sababu kuna mitego miwili. Vipo vyuo vinavyodai kiwango cha chini cha CA ndipo uruhusiwe kuingia UE. Kikiwa asilimia 40 maana yake ni 16 kati ya 40. Na vipo vinavyodai ufaulu ndani ya UE yenyewe, hivyo ile 17 isikudanganye ukalala. Masomo ya afya nayo kwa kawaida alama ya kufaulu iko juu zaidi. Kama jumla yako ya chini inaanguka chini ya kiwango cha kuingia UE, hilo somo ndilo la kulifuatilia wiki hii.

Wanaoogopa GPA (wastani wa pointi za masomo yote) nao wapige hesabu, maana hapa ndipo watu wanaumia bure. Kwenye mfumo wetu wa pointi 5, B ni 3 na C ni 2. Mwaka una krediti 120, krediti zikiwa ndizo uzito wa kila somo. Somo la krediti 10 likishuka kutoka B hadi C unapoteza pointi 1 mara krediti 10, yaani 10, ugawe kwa 120: GPA ya mwaka inashuka 0.08. Kwa shahada ya miaka mitatu yenye krediti 360 ni chini ya 0.03. Inauma, hasa kwa aliye ukingoni mwa 3.5, pale daraja la pili la juu linapoanzia, lakini haimtoi mtu chuoni.

Sasa kuchungulia. Chagua nyakati mbili tu kwa siku, mathalani saa 7 mchana na saa 11 jioni. Asubuhi kabla ya kusoma usifungue, na baada ya saa 2 usiku usifungue kabisa: ukikuta mbaya usiku hakuna ofisi ya kukujibu, utabaki unakesha nayo. Kuamua peke yake hakutoshi, kwa sababu kidole kinafungua kabla akili haijajua. Kwa hiyo toka kwenye akaunti, futa nywila iliyohifadhiwa kwenye simu, iandike kwenye karatasi na uifungie kwenye begi. Ule usumbufu mdogo wa kwenda kuitafuta unapunguza safari nyingi. Siku mbili tatu za kwanza hamu itapanda kuliko mwanzo. Usiichukulie kama dalili kwamba njia imeshindikana, hivyo ndivyo mazoea yanavyokufa.

Kundi la WhatsApp la darasa linyamazishe, usijitoe. Ukijitoa utakosa matangazo halisi ya chumba na saa ya mtihani, na hiyo ni hofu nyingine. Mwombe mwakilishi wa darasa kitu kimoja: "Kaka, CA ya somo hili ikipanda nitumie neno moja tu, imepanda." Picha za matokeo ya wengine na tetesi za "mhadhiri amekamata watu", yaani amewafelisha, usizifungue. Hazikuambii lolote kuhusu karatasi yako.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba sehemu ya hofu yako ina haki. Alama hupotea kweli. Jina halikuandikwa kwenye ukurasa wa mbele wa kazi ya kundi. Namba ya usajili imekosewa tarakimu moja. Jaribio lililosahihishwa kwa alama 30 limeingizwa bila kubadilishwa kuwa la 15, au limegawanywa kwa mbili na kurudiwa tena, 18 kati ya 30 badala ya kuwa 9 kati ya 15 ikawa 4.5. Basi tumia muda huu wa kusubiri kukusanya ushahidi. Piga picha kila karatasi iliyorudishwa, ukurasa wenye alama na ukurasa wenye jina. Hifadhi ujumbe au barua pepe uliyotumia kuwasilisha kazi, ionekane tarehe. Kumbuka tarehe na ukumbi wa kila jaribio, maana karatasi ya mahudhurio uliyosaini ipo ofisini na ndiyo itakayokutetea. Weka vyote kwenye faili moja la simu na nakala kwenye barua pepe yako. Anayejua ana ushahidi hulala tofauti na anayetegemea huruma ya mtu.

Mwili nao una madai yake. Moyo ukienda mbio, vuta pumzi puani kwa kuhesabu 4, itoe polepole kwa kuhesabu 6, kwa dakika 5. Wanaosema wamejaribu wakapata kizunguzungu huwa wamevuta kwa nguvu, kifuani, na haraka. Hewa ya ukaa (kabonidioksidi) inatoka mwilini kupita kiasi na kichwa kinakuwa chepesi. Weka mkono tumboni, uinuke mkono, kifua kitulie. Jizoeze pia wakati umetulia, kwa sababu mbinu mpya haikubali kujifunzwa katikati ya taharuki.

Kahawa yetu ni tamu, lakini nusu ya kafeini ya kikombe bado iko mwilini saa tano hivi baadaye, hivyo kikombe cha saa 11 jioni kinakufuata kitandani. Kata saa 7 mchana. Chai ya rangi nayo ina kafeini, ingawa kidogo. Mirungi ndiyo mbaya zaidi: inapandisha mapigo, inafukuza usingizi, na mapigo yaliyopanda akili inayatafsiri kuwa ni hofu. Juu ya hayo ni kosa kisheria. Pombe inakulaza haraka halafu inakuamsha saa 9 usiku.

Usingizi ukigoma kwa dakika kama 20, usigaagae. Toka kitandani, kaa kwenye kiti, soma kitu chepesi kwenye karatasi, rudi ukisinzia. Asubuhi amka saa ileile hata kama ulilala vibaya. Jioni tembea nusu saa kwa mwendo wa kukutoa jasho. Mitaa ya Shanty Town hapo Moshi, yenye miti, inafaa, na wa Arusha waliopo Njiro wana vilima vya kutosha. Simu iache chumbani.

Mawazo yasiyokwisha yatengee dakika 15 mchana, mezani, kamwe si kitandani. Andika kila hofu, mbele yake andika hatua moja au andika "haipo". Wazo likija usiku, liahirishe hadi kesho saa hiyo.

Nyumbani wakipiga kila siku kuulizia, waambie mapema: "Mama, shikamoo. Alama za muhula bado, zikitoka nitakupigia mwenyewe." Mzazi huuliza mara nyingi kwa sababu hajapewa siku ya kusubiri. Mpe siku, hata kama ni ya kumwambia bado.

Lakini yapo yasiyotibiwa kwa ratiba. Kama kwa wiki mbili huli, hulali, umeacha vipindi, unapata vipindi vya ghafla vya kushindwa kupumua, nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, au hospitali: Mawenzi au KCMC kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha. Beba kadi ya bima. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri wiki mbili wala kesho. Mwambie mwenzako wa chumbani usiku huohuo, akusindikize hospitali. Naomba sana hili ulichukulie kwa uzito.

Siku yakitoka, fungua mchana, ukiwa umekula, na mtu mmoja unayemwamini akiwa karibu. Usiishie kwenye jumla. Angalia safu moja moja ukilinganisha na picha zako. Nafasi iliyo wazi si sawa na sifuri: wazi kwa kawaida ni alama haijaingizwa, sifuri ni kwamba mfumo umeambiwa hukupata kitu. Zote mbili zifuatilie siku hiyohiyo au kesho yake, kwa mhadhiri kwanza, na ushahidi mkononi: "Shikamoo mwalimu, jaribio la pili nilifanya, nimeona sifuri, naomba tuangalie pamoja karatasi ya mahudhurio." Usianze na lawama. Asipopatikana au jambo lisipotatuliwa, nenda kwa mkuu wa idara na barua ya ukurasa mmoja yenye jina, namba ya usajili, msimbo wa somo, alama inayodaiwa na nakala za ushahidi. Ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hakikisha imefika kabla ya UE, kwa sababu CA ikishapitishwa na vikao, kuibadilisha kunahitaji vikao vingine.