Kabla ya kuonana na mwanasaikolojia kwa mara ya kwanza: majibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba usingizi umekupotea tangu ulipofiwa na baba, kwamba ofisini wamekupa barua ya kwenda kuonana na mwanasaikolojia wiki ijayo, na kwamba unataka kujua mambo matatu: kama utapewa dawa, kama mwajiri ataambiwa utakayoyasema, na kama ni vyema uongozane na dada yako. Mimi nimehudhuria tiba ya mazungumzo hapa Dar es Salaam kwa muda mrefu, nami pia nilipelekwa na kazini, kwa hiyo nitajibu kutokana na niliyoyapitia. Nitakawia zaidi kwenye suala la siri, kwa sababu ndilo linalowafanya wengi waketi mbele ya mtaalamu na kuzungumzia kila kitu isipokuwa kile kilichowapeleka.

Kuhusu dawa, jibu ni fupi. Mwanasaikolojia haandiki dawa; anayeandika ni daktari, na aliyebobea katika eneo hilo ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili, ambaye utampata Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, na katika baadhi ya hospitali nyingine kubwa. Kumwona mmoja hakukuzuii kumwona mwingine. Hata hivyo, mtajie mwanasaikolojia dawa zote unazotumia, hata zile usizopenda zijulikane, kwa kuwa zipo zinazogusa usingizi na hisia. Efavirenz, kwa mfano, ambayo watu wengi wanaoishi na VVU wameitumia kwa miaka, inajulikana kuleta ndoto mbaya na kwa wengine huzuni kubwa. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Na kama hujapima damu siku za karibuni, pima, maana upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingo huweza kuleta uchovu na unyong'onyevu unaofanana sana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa ya muda mrefu.

Sasa siri. Siku yangu ya kwanza nilipewa dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona, lenye maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita: kama umekosa hamu ya kufanya mambo, kama unalala, kama unakula, na kadhalika, na kila swali unalijibu kwa kuchagua kuanzia hapana kabisa hadi karibu kila siku. Swali la 9 linauliza kama umekuwa na mawazo kwamba ni afadhali ungekuwa umekufa, au ya kujidhuru. Nilipofika hapo niliweka kalamu mezani, nikamwuliza mtaalamu jibu langu litakwenda wapi. Hakukasirika wala hakushangaa. Alinieleza kwamba mawazo peke yake yanabaki kati yetu na ndiyo tunayoyafanyia kazi, lakini iwapo ataona nina mpango na nina njia ya kuutekeleza, atalazimika kumhusisha mtu wa tatu, na kwamba angeniambia mimi kwanza na tungechagua pamoja ni nani. Akaongeza kwamba hali ni hiyohiyo mtoto anapodhuriwa, mtu mwingine anapokuwa hatarini, au mahakama inapotoa amri. Baada ya maelezo hayo nilijibu swali la 9 kwa ukweli. Uliza nawe, na uulize mapema, kabla hujafungua moyo.

Hofu hiyo ina msingi, wala haitokani na ujinga. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kwa jirani zetu wa Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha kwao, chenye maudhui hayohayo, kinapingana na Katiba. Naamini kwa dhati kwamba vifungu vya namna hii vinawanyamazisha watu wakati wanapohitaji kusema. Lakini zingatia kwamba kinachotajwa na sheria ni jaribio; kuwa na mawazo ya kifo na kumweleza mtaalamu wako si kosa, na usikubali mtu yeyote akutishe kwa hilo.

Kuhusu mwajiri, isome tena barua yako kwa makini uone kama umepelekwa kwa ajili ya tiba au kwa ajili ya tathmini ya kufaa kazini, kwani haya ni mambo mawili tofauti kabisa. Tathmini hufanywa ili ripoti itoke iende kwa aliyeiagiza, na hapo una haki ya kujua ripoti itahusu nini kabla hujaanza kujibu. Tiba ni yako hata kama ofisi ndiyo inayolipa. Kwa upande wangu tulikubaliana kwa maandishi kwamba rasilimali watu wangepata ankara yenye tarehe za mahudhurio, bila neno lolote kuhusu tatizo wala maendeleo yangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo unapoomba makubaliano ya namna hiyo huombi fadhila.

Usitarajie nafuu siku ya kwanza. Kikao hicho kwa kiasi kikubwa ni cha maswali, na huenda ukatoka umechoka kuliko ulivyoingia. Mwulize amesomea nini, anatumia njia gani ya tiba, na mtajuaje kama inasaidia. Mimi nilitibiwa kwa njia inayochunguza mawazo na matendo, iliyoasisiwa na daktari Mmarekani Aaron Beck katika miaka ya 1960, na ambayo kwa kawaida huchukua vikao 6 hadi 20. Kazi yake kubwa hufanyika nyumbani. Nilikuwa na daftari lenye safu nne: kilichotokea, nilichowaza, nilichohisi, na ushahidi wa wazo hilo. Bosi akinitumia ujumbe saa kumi jioni kwamba nipite ofisini kwake, niliandika wazo lililonijia papo hapo, kwamba nafukuzwa kazi, kisha katika safu ya nne nikajilazimisha kuandika mambo ninayoyajua kweli, ambayo kwa kawaida yalikuwa machache na hayakuelekea kwenye kufukuzwa. Kwa msiba kama wako mtaalamu anaweza kuchagua njia nyingine, na ni sawa.

Zungumza kwa Kiswahili chako cha kila siku. Ukisema kichwa kinawaka moto au moyo unakwenda mbio, atakuelewa. Mweleze pia imani yako, kwa sababu mtaalamu mzuri hatakutaka uchague kati yake na sheikh au mchungaji wako. Lakini akianza kukutaka kimapenzi, kukukopa fedha au kukupa simulizi za wateja wake wengine, ondoka, na uutaarifu uongozi wa kituo. Hakuna tiba inayohitaji mambo hayo.

Dada yako aje, nami nashauri hivyo, ila akae mapokezi, na yale utakayomsimulia baadaye yawe uamuzi wako. Mwanasaikolojia akihitaji kumsikia atakuomba ruhusa wewe. Kabla ya siku hiyo, mwambie dada jambo moja waziwazi: kwamba hali ikikuzidia usiku kabla ya miadi, akupeleke hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura, bila kusubiri wiki ijayo.