Linux kwa mtu wa kawaida: niliyoyaona Langoni, Lamu

Ndugu yangu, umeuliza kama Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, inamfaa mtu asiyejua kompyuta, maana laptopu ya mama yako imekataa Windows 11, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Langoni, na nimeshawawekea watu kadhaa Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Inamfaa, ila asiachiwe aiweke mwenyewe.

Chukua mfano wa maalim mmoja wa madrasa, mzee wa miaka sitini na kitu. Laptopu yake ina RAM ya GB 4, na Windows ilikuwa ikiwaka, anakwenda kutia udhu, akirudi bado inazunguka. Kazi zake ni kuandika mitihani, kusoma WhatsApp kwenye kioo kikubwa na kusikiliza darsa za YouTube. Nikamwekea Mint ya Xfce, ile nyepesi. Menyu iko chini kushoto, saa chini kulia, dirisha linafungwa kwa alama ile ile aliyoizoea. Siku hiyo aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, Kiarabu changu kiko wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mitihani yake ni nusu Kiswahili, nusu Kiarabu chenye irabu. Niliongeza Kiarabu kwenye mipangilio ya kibodi na kumchagulia vitufe vya kuhamia lugha nyingine. Halafu nikaingia kwenye mipangilio ya lugha ya LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia kama Word, na kutia tiki ya kuruhusu maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto. Bila tiki hiyo, vitufe vya kugeuza mwelekeo wa aya havionekani. Nikamtafutia na fonti ya Amiri, ya bure, ambayo fatha zinakaa juu ya herufi na kasra chini bila kuparamiana. Ilichukua saa nzima. Tiki ile imefichwa ndani sana, na naona ni kosa la waliounda programu, si la mzee. Tangu siku hiyo anaandika mwenyewe, na sijaitwa tena kwa jambo la Kiarabu.

Printa ndiyo iliyotushinda. Alikuwa na ya leza ya zamani, na kampuni iliyoiunda haikutoa draiva, yaani programu ya kuiunganisha printa na kompyuta, ya Linux kwa modeli ile. Nilikaa nayo jioni mbili, ikatoa karatasi nyeupe tu. Sasa anahifadhi mtihani kwa PDF, anautia kwenye flashi, ananiletea dukani. Za HP nyingi nilizochomeka zilijitambua zenyewe, kwa hiyo usiogope printa zote, ogopa ile usiyoijaribu.

Mafaili ya Word yanafunguka. Barua iliyoandikwa kwa Calibri iliwahi kunivurugikia kurasa, nikaweka fonti ya Carlito, yenye vipimo sawa na Calibri, mistari ikarudi mahali pake.

Jambo moja linaniuma: menyu za Mint bado hazijatafsiriwa zote kwa Kiswahili. Na si kwamba haiwezekani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mama yako akiona maneno ya Kiingereza asiyoyajua atasita, hata kama kitufe anakiona. Mkae naye wiki ya kwanza. Wale ninaowajua waliorudi Windows hawakuwa na mtu wa kumuuliza siku zile za mwanzo.

Kabla hujafuta chochote, nakili picha na mafaili yake yote kwenye diski ya nje. Pakua Mint, ni karibu GB 3, kwa hiyo tafuta waifai badala ya kumaliza bando. Itie kwenye flashi kwa programu kama Rufus, kisha uwashe laptopu kwa flashi hiyo. Mint itafunguka bila kugusa kilichomo ndani. Jaribu waifai, sauti, kamera. Mwisho chomeka printa ya mama yako na uchapishe ukurasa mmoja. Ukitoka safi, ndipo ubonyeze kitufe cha kusakinisha.