Barua kwa Mwanangu: Tulichokicheka Darasani kwa Bwana Brown

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Nakuru. Sote tu wazima. Barua yako nimeisoma kwa makini. Unasema umetazama vipande vya Mind Your Language, kile kichekesho cha televisheni ya Uingereza kuhusu darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, kwenye intaneti huko Leicester, ukamwona Mchina akinukuu kijitabu cha Mao na Mjapani akiinama kila anapofungua kinywa, ukajiuliza mimi na baba yako tulikuwa tukicheka nini katika kipindi kinachowadhalilisha watu kama sisi.

Hasira yako ina haki. Huko huko Uingereza, Michael Grade, aliyesimamia vipindi katika kituo kilichokitengeneza, London Weekend Television, alikikomesha mwaka 1979, baada ya misimu mitatu, kwa sababu ya namna kilivyowachora wageni. Ningekuwa mtoto wa Kihindi katika shule ya huko miaka ile, nikijua kwamba kesho wenzangu wataniigiza uani, mimi pia nisingecheka.

Lakini sisi tulikitazama Kenya, miaka ya 1980, kupitia Sauti ya Kenya ambayo baadaye ikawa KBC, kwenye televisheni iliyounganishwa na betri ya gari, na katika sebule ile iliyojaa majirani hapakuwa na Mwingereza hata mmoja wa kutucheka. Tena kumbuka tulikotoka. Mimi nilisoma shule ambayo mtoto akisikika akizungumza lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwenziwe mwenye kosa hilo hilo, na jioni wote waliopitiwa na kibao walichapwa. Kiingereza kwetu kilikuwa kitu cha kuogopwa. Ghafla tunawaona watu wazima, wenye kazi zao, Ranjeet wa reli ya chini ya ardhi na Giovanni mpishi, wakikivunjavunja Kiingereza hicho mbele ya mwalimu, na hakuna anayeshika kiboko!

Anayeteseka ni mwalimu. Jeremy Brown, aliyeigizwa na Barry Evans, anaingia akiwa nadhifu na shahada yake ya Oxford, na mkuu wake, Bi Courtenay, anamwarifu kwamba aliyemtangulia alirukwa na akili. Kisha anakutana na Juan, Mhispania ambaye kila aulizwalo hujibu "por favor", yaani "tafadhali" kwa lugha yao, tena kwa uchangamfu wa mtu aliyepata alama zote. Mimi nilimtazama Brown zaidi kuliko Juan: namna uso unavyomshuka, anavyojikaza, halafu anaanza somo upya kwa adabu ile ile. Kwa macho yangu, Juan hajashindwa hata kidogo. Aliyeshindwa ni Oxford.

Baba yako, kwa upande wake, alikuwa mtu wa Fawlty Towers, kichekesho kingine cha Waingereza, alichokitazama kwa kanda za video, na sasa nakiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa na jicho zuri zaidi. Kina vipindi 12 tu, sita vya mwaka 1975 na sita vya 1979, vilivyoandikwa na John Cleese na Connie Booth, na hakuna hata kimoja kilicholegea. Basil, mwenye hoteli pale Torquay, gari lake linapozimika njiani usiku wa karamu, analihesabia mpaka tatu, analikaripia kama mtoto mtundu, anatoweka kidogo, anarudi na tawi la mti na kulicharaza. Humo pia mna mgeni wa kuchekwa, Manuel, mhudumu kutoka Barcelona asiyeelewa anachoambiwa. Hata hivyo aliyemwigiza, Andrew Sachs, hakuwa Mhispania. Alizaliwa Berlin, na familia yake ilikimbilia Uingereza mwaka 1938 kwa kuwaogopa Wanazi. Alijua vizuri maana ya kufika nchi ambayo lugha yake huijui.

Nawe usisahau kwamba kwa Mzee Ojwang' wa Vitimbi, kichekesho cha televisheni yetu hapa Kenya, ulikuwa ukicheka mpaka unagaagaa sakafuni. Benson Wanjau, aliyemwigiza mzee huyo, alikuwa Mkikuyu, akajifanya Mjaluo mwenye lafudhi nzito kwa miaka na miaka, na Wajaluo wenyewe walikuwa miongoni mwa waliompenda. Lafudhi peke yake si tusi. Mimi hutazama nani anabaki amesimama kichekesho kikiisha, na ndiyo maana Love Thy Neighbour, kichekesho kingine cha Waingereza, siitetei: jirani mweusi humo mara nyingi hushinda, lakini matusi anayotupiwa njiani siwezi kuyaandika katika barua ya kwenda kwa mtoto wangu.

Uliuliza pia kama uwaonyeshe wajukuu wangu. Waanzishie gari la Basil, halihitaji maelezo. Darasa la Bwana Brown liache mpaka yule mkubwa aingie sekondari, na usimwache alitazame peke yake. Keti naye, umweleze habari ya kibao. Na akicheka Juan anapojibu "por favor", mwache acheke, kisha umwulize anamcheka nani, uniandikie alivyojibu.

Baba yako anakusalimu, na anauliza kama kanda zake bado zipo kwako.

Mama yako