Ukuta unaotoa jasho: maswali yenu kuhusu unyevu wa ndani ya nyumba

Barua za safari hii karibu zote zinanuka uvundo. Zinazofanana nimeziunganisha, ndefu nimezipunguza.

Shikamoo fundi. Kabati langu la nguo limeegemea ukuta wa nje. Chumba nakifagia kila siku, paa halivuji, wala hakuna bomba linalopita hapo. Lakini viatu vimeota ukungu mweupe, na koti nililolivaa mara moja tu linanuka kama gunia lililolala na maji. Ukuta nimeupaka rangi mara mbili, ukungu unarudi. Kosa langu ni nini?

Marahaba, mwanangu. Livute kabati mbele kwanza, liachane na ukuta kwa upana wa kiganja, kisha pitisha mkono nyuma yake uguse. Halafu kaguse ukuta wa katikati ya nyumba. Utasikia tofauti: ule wa nyuma ya kabati ni wa baridi, na huenda mkono ukarudi na umajimaji.

Maji hayo hayakutoka darini wala kwenye bomba. Yametoka kwenye hewa unayoivuta. Hewa hubeba mvuke usioonekana, na ikiwa ya joto hubeba mwingi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi inaweza kubeba takribani gramu 30 za mvuke. Ipoeze mpaka nyuzi 20, uwezo wake unashuka hadi gramu 17 hivi. Kama ilikuwa imeshiba, zile 13 lazima zitue mahali, na hutua kwenye kitu cha baridi kilicho jirani, kama zinavyotua kwenye chupa ya maji iliyotoka kwenye friji.

Ile asilimia ya unyevu inayotajwa kwenye vipimo ni hesabu ya mzigo huo: hewa imebeba kiasi gani, ukilinganisha na mwisho wa uwezo wake katika joto lile. Kwa hiyo katikati ya chumba chako kipimo kinaweza kusoma asilimia 60, jambo ambalo halimtishi mtu, na nyuma ya kabati, ambako ukuta umepoa kwa nyuzi tano au sita na hewa haitembei, ikawa inakaribia 85. Ukungu hauhitaji dimbwi la maji. Ukipata unyevu wa namna hiyo siku kadhaa mfululizo, na chakula kidogo, unaota. Na chakula kipo tele: vumbi, ngozi ya kiatu, gundi ya mbao, hata hiyo rangi mpya uliyoupelekea. Usione haya. Mimi chumba changu mwenyewe nilikipaka mara tatu kabla ya kukubali kwamba brashi haikaushi hewa, na wakati huo nilikuwa tayari najiita fundi.

Sasa kazi. Toa kila kitu kabatini. Nguo na viatu vipeleke nje juani, na ukungu uufutie huko huko kwa kitambaa kibichi. Ukiupangusa mkavu ndani ya nyumba unapeperusha mbegu zake chumba kizima. Ukuta uoshe kwa maji ya sabuni, umevaa glavu na barakoa, uache ukauke kabisa. Dawa yenye klorini inafaa kwenye vigae na vyombo vya kioo, lakini kwenye plasta na mbao haifiki kwenye mizizi. Na usiichanganye kamwe na siki wala na dawa yenye amonia. Gesi inayotoka hapo inaweza kukuangusha. Rangi iwe ya mwisho kabisa, kabati likishahama au likishaachiwa nafasi ya kupumua.

Koti lako, kwa taarifa, lilianza kunuka kabla ya nguo nyingine kwa sababu lilirudi kabatini na jasho lako. Nguo iliyovaliwa ilale nje usiku mmoja kabla haijarudishwa.

Kila mtu ananiambia nifungue madirisha. Msimu wa mvua nimefungua asubuhi hadi jioni, vigae vya sakafu vikatota kana kwamba nimepiga deki. Nimwamini nani?

Amini vigae vyako, dada. Dirisha linasaidia pale tu hewa ya nje inapokuwa imebeba maji machache kuliko ya ndani. Tuseme ndani kuna nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 70: hiyo ni kama gramu 16 za maji kwa mita ya ujazo. Nje kuna nyuzi 30 na asilimia 80: gramu 24. Ukifungua, unakaribisha gramu nane za ziada, na sakafu ya baridi inazipokea. Kinyume chake, nje kukiwa na nyuzi 10, hata kama manyunyu yanadondoka, hewa ile haiwezi kuzidi gramu tisa na nusu. Hiyo ikiingia ndani na kupata joto inakausha.

Basi fungua kwa kulenga. Ukimaliza kupika au kuoga, fungua madirisha mawili yanayotazamana kwa dakika kumi, upepo upite. Fungua saa zile ambazo nje kumepoa kuliko ndani. Fukuto likishika, funga, washa feni ili hewa ya karibu na sakafu isitulie. Feni haipunguzi maji yaliyomo hewani, tusidanganyane, lakini inasaidia sakafu na kuta kukauka upesi.

Tuko watano kwenye vyumba viwili. Tunapika humo humo kwa gesi na nguo tunaanika ndani kwa kamba. Mwenye nyumba anasema unyevu tunauleta wenyewe. Ni kweli au anakwepa gharama?

Yote mawili yanawezekana. Mfuo mmoja wa nguo zilizokamuliwa vizuri hubaki na lita mbili hivi za maji, na zote zinaingia kwenye hewa yenu. Gesi nayo: kila kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, mbali na mvuke wa sufuria. Wengi hawaamini mpaka waone kioo cha dirisha la jikoni asubuhi. Ongeza watu watano wanaopumua usiku kucha na mlango umefungwa.

Funikeni sufuria. Nguo zianikwe chumba kimoja, dirisha wazi, mlango wa kuelekea vyumba vingine umefungwa. Na mnapopika kwa gesi msizibe kila upenyo, maana moto unaokosa hewa hutoa sumu isiyonuka.

Lakini kama bafu halina dirisha wala feni ya kutoa hewa nje, hilo ni la mwenye nyumba. Mpelekeeni picha, kwa adabu, zenye tarehe.

Rangi inabambuka sehemu ya chini tu ya ukuta, na kuna unga mweupe kama chumvi. Juu kukavu kabisa.

Unga huo ni chumvi kweli, mzee wangu. Si ya jikoni: imetoka ardhini, au kwenye matofali na saruji. Maji hupanda ndani ya ukuta kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, hufika usoni yakakauka, na chumvi iliyoyeyuka humo inabaki.

Kama huna uhakika, fanya jaribio hili la bure. Kausha uso wa ukuta, bandika kipande cha nailoni ngumu chenye ukubwa wa daftari, ziba kingo zote nne kwa gundi ya utepe, uache siku mbili. Umande ukitokea upande wa chumbani, maji yanatoka kwenye hewa. Ukitokea upande unaogusa ukuta, yanatoka ndani ya ukuta. Hapo usinunue mashine yoyote. Nenda nje uangalie: mfereji wa paa unamwaga wapi, udongo umerundikwa juu ya usawa wa sakafu, bomba la chini linavuja? Mara nyingi nimekuta ndoo na koleo vinatibu ukuta ambao ulishapigiwa hesabu ya kubomolewa. Pasipoonekana sababu yoyote, basi mwite fundi akague utando wa kuzuia maji kwenye msingi. Hiyo ni kazi kubwa, na usikubali plasta mpya ipigwe kabla maji hayajakatwa.

Mwanangu ana pumu. Jirani anasema ninunue mashine ya kuongeza unyevu, shemeji anasema ya kupunguza.

Nunua kipimo cha unyevu kwanza, mama. Haigromita ndogo ya mezani ni rahisi kuliko mashine yoyote kati ya hizo, na itawanyamazisha wote wawili. Unyevu wa asilimia 30 hadi 50 ndio unaolengwa. Ukivuka 60 ukungu na utitiri wa vumbi wanafurahi. Utitiri ni wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye godoro na mito. Hawanywi maji, huyafyonza kutoka hewani, kwa hiyo hewa ikikaa chini ya 50 kwa muda mrefu wanakauka. Kinyesi chao huamsha pumu kwa watoto wengi. Ukimwongezea mtoto mvuke kwenye chumba ambacho tayari kina 70, umewalisha wao. Kipimo hicho mwonyeshe daktari wake pia.

Kukihakiki ni rahisi. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji iwe kama uji mzito, iingize pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, subiri saa nane hivi au zaidi. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 70, ujue kila mara unaongeza tano. Vipimo vya zamani vilikuwa vya nywele: mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alieleza kifaa chake kilichotumia unywele wa binadamu, kwa sababu unywele hurefuka kidogo hewa ikilowa. Wenye nywele zinazofura siku za mvua wanaelewa bila kufundishwa.

Bakuli la chumvi au mkaa pembeni ya chumba linavuta unyevu?

Linavuta vijiko, chumba kina lita. Ndani ya sanduku lililofungwa, vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya vinafaa. Chumbani, hapana.

Ofisini kiyoyozi kinawaka kutwa. Midomo inapasuka, na pua ya mwenzangu imetoka damu mara mbili.

Kiyoyozi hukamua maji kutoka hewani; ndiyo yale yanayodondoka kwenye bomba lake nje. Pimeni. Ikiwa chini ya 30, pandisheni nyuzi mbili tatu, na msikae kwenye njia ya upepo wake. Mkilazimika kununua mashine ya kuongeza unyevu, maji yabadilishwe kila siku na tangi lisuguliwe kila baada ya siku chache. Tangi chafu hupuliza vijidudu usoni mwenu. Damu ikiendelea kutoka, mwenzako aende hospitali, asisubiri kipimo changu.

Nina mimea kumi na miwili sebuleni. Inaongeza unyevu?

Inaongeza. Karibu maji yote unayoimwagia hurudi hewani kupitia majani na udongo, kwa hiyo hesabu vikombe vyako vya wiki. Kama kipimo kinakaa chini ya 50, iache istawi. Kikizidi, hamishia nusu barazani.