Kanuni ndogo za kuishi kwa akili

Dada, umeomba kanuni nyepesi za kuishi kwa hekima, tena bila kuhubiriwa. Fungua kitabu cha Mithali kwenye Biblia. Ina sura 31, kwa hiyo mwezi mrefu unaimaliza kwa sura moja kila siku, kikombe cha chai mkononi.

Ninayoipenda kuliko zote ni 27:14: anayembariki rafiki yake kwa sauti kuu alfajiri na mapema, itahesabiwa kuwa laana. Yaani sisi wa kutuma "Bwana asifiwe!" kwenye grupu la WhatsApp saa kumi na moja alfajiri tulishaonekana tangu zamani hizo. (Nimetubu. Sasa nasubiri saa mbili.)

25:17 nayo: usiingie nyumbani kwa jirani mara nyingi, asije akakukinai. Hasa harufu ya pilau ikishaanza kutoka.

Ila ya pesa ndiyo nzito. Sura ya 6 inasema ukishamdhamini mwenzio, usilale mpaka ujinasue, kama paa anavyojinasua mkononi mwa mwindaji. Mimi nililala. Niliweka dhamana kwenye mkopo wa kikundi, mwenye mkopo akahama mtaa, nikalipa mwenyewe mpaka shilingi ya mwisho. Siku hizi nikiombwa udhamini natoa kilichopo mfukoni, nasema ni zawadi, kisha naaga.

Na ugomvi usiokuhusu, 26:17, ni kama kumshika mbwa masikio. Ukishamshika, unamwachiaje?