Rudisha hivyo visindano kabla ya siku yenyewe

Mkuu, visindano hivyo usivipokee. Kama vimeshafika, virudishe leo.

Umesema una wanafunzi 40 wa kidato cha pili na cha tatu, unawaandalia siku ya fani za afya. Umeuliza barua ya ruhusa iandikweje, bajeti iwe kiasi gani, wasichana wavutiwe vipi na sayansi na ratiba ipangweje. Katikati ya hayo, kama jambo dogo tu, ukagusia mdau atakayeleta vifaa ili kila mtoto achome kidole na kujua kundi lake la damu. Nilipofika hapo moyo ulinipasuka.

Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu wa Baiolojia na mlezi wa klabu ya afya katika shule moja ya bweni mkoani Morogoro. Watoto 52, na mdau kama huyo wako. Fulana ya shirika, begi la vifaa, maneno matamu. Nilimuuliza kuhusu usalama, akanijibu, "Mwalimu, ni tone moja tu, hata watoto wachanga wanapimwa malaria hivyo hivyo." Kweli wanapimwa. Lakini anayewachoma ni mhudumu aliyesomea kazi hiyo, mtoto mmoja mmoja, na kisindano kinaingia kwenye sanduku la usalama kabla kingine hakijafunguliwa. Yeye aligawa visindano kama pipi kwenye maabara yenye meza sita, akasema, "Chomaneni wawili wawili." Sanduku la usalama hakuleta. Aliweka kopo tupu la rangi mlangoni.

Mimi nilikubali. Na nilifanya baya zaidi ya kukubali: nilitoka dakika kumi kwenda kumpokea mgeni rasmi.

Niliporudi, visindano vilivyotumika na vizima vilikuwa vimechanganyika mezani. Vingine viliruka bila kutoboa, watoto wakaokota vingine palepale. Mvulana mmoja aliegemea meza, kimoja kikamwingia kiganjani. Msichana mmoja akaniambia bila wasiwasi wowote, "Mwalimu, changu hakikuchoma, nimechukua hiki hapa." Nikamuuliza hicho kilikuwa cha nani. Hakujua. Nikauliza darasa zima. Tukapata watoto saba wa namna hiyo.

Kituo cha afya, daktari wa zamu aliniuliza swali lilelile: damu ilikuwa ya nani? Ukimjua mwenye damu, unampima yeye kwa siri, na akikutwa hana maambukizi mambo yanaishia hapo. Usipomjua, aliyechomwa anaanzishiwa dawa za kinga, zile wanazoita PEP, ndani ya saa 72, na anazimeza siku 28. Kwa hiyo watoto wangu saba walitakiwa kumeza. Na kwa sheria ya wakati ule, mtoto wa chini ya miaka 18 hakupimwa VVU bila mzazi au mlezi kuridhia. Mzazi mmoja alikuwa Tunduru, simu haipatikani, saa zinakwenda.

Nilipiga simu saba usiku ule. Jaribu kumwambia mama kwamba mwanawe wa miaka 15, aliyemwacha shuleni mzima, anahitaji dawa za kuzuia virusi vya ukimwi kwa sababu ya kipindi chako. Daktari alinieleza kwamba hata sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza mara kama 3 kwa 1000, na visindano vya kidole hatari yake ni ndogo zaidi ya hapo. Nilimwambia yule mama hivyo hivyo. Hakusikia tatu kwa elfu, alisikia ukimwi.

Halafu bweni. Dawa zilikaa kwa matroni, watoto wakiitwa kila usiku baada ya prepu. Siku ya nne shule nzima ilikuwa inajua. Mmoja akitapika, wenzake wanasema dalili zimeanza. Msichana yule aliyechukua kisindano mezani alihamishwa na wazazi wake kabla dawa hazijaisha. Ndiye aliyekuwa akiongoza darasa kwa Baiolojia, na alishasema atakuwa daktari wa meno. Vipimo vya baadaye vya wote saba vilikuja salama, namshukuru Mungu. Nilikuja kusikia huko alikohamia ameacha sayansi, amechukua masomo ya biashara. Siku niliyoiandaa ili wapende udaktari ndiyo iliyomtoa huko.

Na daktari aliniambia jambo ambalo sijaliacha mpaka leo: "Kati ya watoto 52, huenda yupo aliyezaliwa na VVU, anameza dawa zake kimya kimya. Ulimpa nafasi gani ya kukataa mbele ya wenzake?"

Bado kuna ubao. Tuliandika majina na makundi ya damu ubaoni. Mtoto mmoja alitoka O, baba yake anajijua ni AB. Kwa urithi wa kawaida AB hazai O, ila vigae vyetu vya kupimia damu vilikuwa vichafu na matone yaliingiliana, kipimo kile hakikufaa kuaminiwa. Kamweleze hayo mwanaume aliyekuja shuleni akiwa tayari anamshuku mke wake.

Yule mdau? Simu zangu hakupokea tena. Ripoti yake ilisema wanafunzi 52 wamefikiwa, na picha zikawekwa. Mtu anayehesabu vichwa namna hiyo asikaribie watoto wa watu, hata akija na gari lililojaa vifaa.

Kwa hiyo siku yako iwe hivi: kisiwepo kitu chochote kinachotoboa ngozi ya mwanafunzi, wala kipimo kinachotoa siri ya mwili wake. Hata kama amekubali. Hata kama mzazi amesaini.

Wala hawatachoka kwa kukosa damu. Mimi sasa natumia maziwa yenye rangi nyekundu ya keki. Kila meza inapata kisa cha majeruhi wa bodaboda anayehitaji kuongezewa damu, pamoja na chupa mbili: ya bluu imeandikwa anti-A, ya njano anti-B, rangi zilezile za vitendanishi vya maabara, yaani dawa zinazotambua kundi la damu. Kwa mgonjwa wa kundi A, ya bluu ina maji ya ndimu na ya njano ina maji matupu. Kwa wa B unageuza. AB zote ndimu, O zote maji. Maziwa yakiganda, wameona damu ikishikana. Halafu wanaamua wampe mgonjwa damu ipi, na wakikosea, mtaalamu wa maabara kutoka kituo cha afya anawaeleza mwili wa yule mgonjwa ungefanya nini. Nimeona darasa linagoma kwenda chakula cha mchana. Baada ya hapo wape saa wahesabiane mapigo ya moyo, wafungane bandeji, wachanganye maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Huyo mdau mwambie alete maziwa na ndimu. Akisema bila visindano haji, usimbembeleze. Niandikie hapa ukishavirudisha, nikutumie vile visa vya wagonjwa.